Kurudi kwa Kitambaa

Tarehe 4 Februari,
mwaka wa arobaini na tatu tangu niondoke

Dada,

Mwaka wa arobaini na tatu umeanza leo asubuhi, nami nimeuanza kwa kuvunja kikombe. Siku kama hii nilitoroka kwa dirisha la chumba chako cha cherehani, wewe ukaendelea kukanyaga mashine ili waliokuja kunikamata, waliokuwa mlangoni, wasikie kuna mtu anafanya kazi yake. Kila mwaka nakuandikia siku hii kabla sijamsalimu mtu mwingine. Simu tulishaijaribu: tunalia wote wawili, halafu mmoja anasema mtandao mbovu.

Habari uliyoniletea nimeisoma. Mlango umefunguliwa, sisi tulioondoka mwaka ule tunaweza kurudi na hakuna atakayetuuliza kitu. Nitakuja, Dada. Ila kuna jambo nataka kulimaliza kwanza. Na kwa kuwa hukuchoka kuniuliza hiyo kazi yangu hasa ni nini, ngoja nikueleze kama anavyoelezwa mtu anayeshika sindano.

Nina kibamba cheusi, kidogo kuliko ukucha wako. Juu yake nimechora sumaku ndogo mno. Ncha ya sindano yako ingezibeba kwa maelfu. Kila moja ina kichwa na mkia, na haijui kingine isipokuwa kutazama huku au kule. Nimezipanga kama nyuzi za kitambaa, nyingine za kusimama, nyingine za kulala, na kila zinapokutana nne pana njia panda. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Kila sumaku inataka jirani zake wote wakae inavyopenda yenyewe, na haiwezekani kuziridhisha zote. Basi zinapatana kwa shingo upande: vichwa viwili vinaingia njia panda, viwili vinatoka.

Ukitazama sumaku moja moja utaapa kwamba ni vurugu tupu. Ukirudi nyuma kidogo unaona utaratibu ambao hukuufikiria. Ndani ya kila kisanduku kinachofanywa na nyuzi hizo, sumaku nne zinafukuzana kwa mzunguko, kisanduku hiki kuume, jirani yake kushoto, hivyo hivyo kama ubao wa drafti. Na kwa nje ni kimya. Ukisogeza dira, sindano haitikisiki. Nguvu yote hiyo, na hakuna inayotoka.

Shida yangu ni kwamba kibamba hakijawahi kutulia kizima. Upande huu umejipanga sawasawa, upande ule umejipanga sawasawa, lakini walianza kuhesabu mahali tofauti, na wanapokutana panakuwa na mshono. Hakuna aliyekosea, na hawapatani. Nimekitafuta kibamba kisicho na mshono tangu nikiwa na nywele. Nikikipata nafunga mlango wa maabara na kuja kwako. Mwezi wa sita, inshallah.

Mdogo wako,
Dira


Tarehe 11 Machi

Dira, mdogo wangu,

Huyu mwandishi wangu anasema tuanze na salamu. Salamu nilishampa tangu jana. Andika. (Nimeandika, Mama. Mjomba, shikamoo.)

Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya pili nilimwambia asome polepole, maana anasoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa. (Si kweli.) Ni kweli, andika. Nimekuelewa vizuri. Una kitambaa kilichofumwa kwa sumaku, kina mshono usioutaka, na wewe umekaa unasubiri mshono ujifungue wenyewe. Mdogo wangu, mshono haujifungui. Mshono hufumuliwa. Ningekuwa na macho ningekufumulia huku nimelala.

Macho ndiyo hayo. La kushoto limefunga duka, la kulia linafungua asubuhi tu. Lakini mikono ipo, na ninakushonea koti. Usicheke. Utashuka na nini, na lile shati ulilotokea nalo dirishani? Nimepata sufu nzuri, wameniambia ni ya kijivu. Nimeiloweka, kitambaa kikarudi inchi mbili. (Mama, niandike "kimepungua", Mjomba aelewe.) Andika kimerudi! Kupungua ni kwa maji mtungini. Kitambaa kinarudi. Na ukikiloweka kabla ya kukata, kinarudi mara moja tu, kisha hakikusumbui tena maisha yake yote. Dira, kitambaa kina adabu kukushinda. Kimeguswa na maji tu, kimerudi. Wewe umenyeshewa miaka arobaini.

(Amecheka mpaka amekohoa. Anakohoa sana siku hizi, hataki niandike.) Umeandika nini hapo? (Nimeandika kwamba unacheka.)

Kipimo chako ninacho mikononi, sihitaji utepe. Mabega kama mlango, mkono wa kulia mrefu kidogo kuliko wa kushoto kwa sababu ya kubeba vitabu. Nimekata hivyo. Njoo nikiwa bado naweza kukupapasa mgongo nione kama nimepatia.

Mwezi wa sita umesema mwenyewe, mimi sijakulazimisha.

Dada yako,
Fundi
kwa mkono wa binti yangu, ambaye leo amenikatiza mara nyingi mno


Tarehe 20 Mei

Dada,

Usinikasirikie. Kibamba nilikipasha moto ili sumaku zilegee zijipange upya, kisha nikakipoza haraka kuliko ilivyopasa. Zikaganda kila moja pale ilipokutwa, na mshono ukabaki katikati. Inabidi kuanza upya, polepole. Mkuu wa maabara amesema hiki kikiisha, meza yangu itapewa mtu mwingine. Naelewa. Nimekaa kwenye meza hiyo muda mrefu kuliko nilivyokaa nyumbani kwetu.

Kwa hiyo si mwezi wa sita. Ni mwezi wa tisa.

Umesema mshono hufumuliwa. Ni kweli, hata huku kwangu kuna wanaoufumua. Sumaku moja ikipata joto, hugeuka. Hapo njia panda mbili jirani zinaharibika kwa pamoja: moja inapata kichwa cha ziada, ya pili inapungukiwa. Hao wawili mimi nawaita watoro. Wamezaliwa pamoja, kwa kosa moja. Kisha sumaku ya pembeni nayo inageuka, na mmoja wao anasogea njia panda moja. Kisha nyingine, anasogea tena. Wanaweza kutengana mpaka usidhani ni ndugu. Alama pekee ya undugu wao ni mstari wa sumaku zilizogeuzwa, ambao mtoro anauacha nyuma yake kama uzi uliochomoka kwenye pindo. Na muda wote wanavutana. Wakikutana, wote wawili hufutika, na pale walipokuwa panakuwa na amani kama hapakuwahi kutokea kitu.

Nawatazama kwa hadubini hadi macho yanatoka machozi, na sijui ni ya kuchoka au ni ya nini.

Mwambie binti yako asome polepole.

Dira


Tarehe 8 Julai

Dira,

Koti limebaki mikono na vifungo. Leo siongei sana. (Leo yuko kitandani.)

Nimewawaza hao watoro wako tangu barua ifike. Wanavutana, wakikutana wanapumzika. Sawa. Sasa nijibu kitu kimoja, na usinizungushe kisomi. Mmoja wao akitembea mpaka akafika kwenye pindo la hicho kitambaa chako, anakwenda wapi? Na yule mwingine anakuwaje?

Kiache hicho kibamba. Kibamba hakifi. (Nimemuuliza tuendelee? Amesema inatosha.)

Fundi

Mjomba, haya naongeza mwenyewe, hajui. Njoo sasa.


Tarehe 15 Septemba

Mpwa wangu,

Barua hii ni yako. Usimsomee mama yako.

Ulipoandika "njoo sasa" nilikwenda asubuhi yake kuaga maabara. Nilipanda ngazi kama kijana, nikafika juu, na mlangoni nikaanguka. Moyo. Nilizindukia hospitali nikiwa na kitu chini ya ngozi ya kifua, kidogo kama saa ya mkononi, ambacho kazi yake ni kuukumbusha moyo wangu upige. Ndiyo maana umekaa wiki hizi zote bila jibu.

Kwenye mlango wa chumba chetu cha sumaku kuna alama ya moyo uliopigwa mstari mwekundu. Maana yake, mwenye kifaa kama changu asiingie. Ile sumaku kubwa ya ndani inaweza kukichanganya. Alama hiyo niliibandika mimi, miaka mingi iliyopita, na nilihakikisha imenyooka. Wiki iliyopita nilisimama mbele yake na ufunguo mkononi. Kisha nikaurudisha ufunguo.

Safari nayo, daktari amesema hapana. Labda baada ya mwaka. Na kwa jinsi alivyoitamka hiyo "labda", nilimwonea huruma.

Sasa nisaidie kudanganya. Mama yako akijua, atataka kuja yeye, kipofu na kikohozi chake, na cherehani kichwani. Bahasha hii ina barua yake. Msomee hiyo tu. Swali lake la pindo sijalijibu. Nimelianza mara nyingi, jibu linanishinda.

Mjomba wako,
Dira

(Na hii ndiyo ya kumsomea.)

Dada,
Kibamba kimenikatalia tena. Nipe hadi mwakani. Watoro wa pindoni nitakueleza uso kwa uso, nikiwa nimevaa koti. Usiminye macho kutunga sindano, mpe binti akutungie.
Dira


Tarehe 10 Oktoba

Mpendwa ndugu yangu Dira,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema. Nimefurahi sana kupata barua yako. Usiwe na wasiwasi juu ya kuchelewa, kazi yako ni muhimu na mimi ninaelewa. Hapa nyumbani sote ni wazima. Kikohozi kimepoa.

Koti linaendelea vizuri. Bahati nzuri kitambaa kilishapungua kabla ya kukatwa, kwa hiyo hakitaharibika. Chumba chako kiko tayari, tumepaka rangi na dirisha limetengenezwa.

La maana ni wewe kupumzika. Kula vizuri, lala mapema, na usipande ngazi kwa haraka. Uje utakapoweza.

Dada yako akupendaye,
Fundi


Tarehe 2 Novemba

Mpwa wangu,

Barua ya mama yako imefika. Mwanzoni nilikukasirikia. Nilipofika kwenye yale maneno ya ngazi nikasema, huyu mtoto ameshindwa kunitunzia siri, amemwambia habari ya moyo. Nikaanza kukuandikia maneno makali.

Kisha nikairudia, nikitafuta mahali ulipomkatiza. Hakuna. Nikatafuta mahali alipokwambia "andika". Hakuna. Barua nzima hamkugombana hata kidogo. Ananipa ruhusa ya kuchelewa, yeye ambaye hajawahi kuniruhusu kuchelewa hata chakula. Haniulizi habari ya pindo. Na kitambaa kimepungua.

Mpwa wangu, kupungua ni kwa maji mtungini.

Sikuchukua simu. Naomba usinipigie. Niandikie tu: tangu lini?

Dira


Tarehe 24 Novemba

Mjomba,

Tangu tarehe kumi na tisa Agosti, alfajiri. Barua yako ya moyo ilinikuta nikiwa nimeshamzika.

Aliniapisha. Alisema, "Dira akisikia nimekwenda, hatakuja. Ataona hakuna wa kumfungulia. Wewe mwandikie kama mimi, mpaka ashuke. Akishashuka atakuwa ameshashuka." Nilimwambia, Mama, atajua. Akasema, "Hatajua, mwandiko ni ule ule." Mwandiko kweli ni ule ule. Sikujua kwamba kwenye zile barua zote mimi nilikuwa kwenye mabano tu.

Ile ya Oktoba niliiandika kazini, kwenye duka la dawa, baada ya kuwahudumia wateja, nikaona nimeweza. Neno lile sikuliona. Mimi ndivyo ninavyosema, Mjomba. Kimepungua.

Barua yako uliyosema nisimsomee, sikuwa na wa kumficha. Niliisoma chumbani kwake kwa sauti, yako na yake zote mbili. Nilisoma polepole.

Alikuuliza habari ya pindo mpaka siku ya mwisho. Kila nilipotoka posta: "Amesemaje? Wanakwenda wapi?" Siku mbili za mwisho nilimtungia jibu. Nilimwambia umeandika kwamba wakifika pindoni wanageuka na kurudi. Akasema, "Basi ni vizuri." Sijui kama nilimkosea. Niambie kama ni kweli.

Koti nimelituma. Mikono imeshikizwa kwa nyuzi nyeupe za muda tu; sikuthubutu kuigusa kwa cherehani, na kwa fundi mwingine sikuona sababu ya kulipeleka.

Daktari alisema labda. Basi iache iwe labda. Mimi sijawahi kukuona kwa macho, nilizaliwa wewe umeshaondoka, lakini nimekuandikia tangu nikiwa shule. Chumba kina rangi kweli, na dirisha limetengenezwa kweli, hayo sikudanganya. Njoo kwangu. Na mimi ni mtu, Mjomba. Nitakufungulia.

Mpwa wako
ambaye leo hajaandikishwa na mtu


Tarehe 4 Februari,
mwaka wa arobaini na nne

Mpwa wangu,

Nimezoea siku hii kumwandikia yeye kabla sijamsalimu mtu. Leo nimekaa na karatasi tangu asubuhi nikisubiri mkono wangu ukubali kuandika jina lingine.

Hukumkosea. Ulimpa jibu alilolitaka, na mimi niliyekuwa na jibu lenyewe nililikalia. Lakini umeniuliza kama ni kweli, na wewe sitakudanganya, tumeshadanganyana ya kutosha katika familia hii.

Hawageuki. Mtoro akifika pindoni, hutoka. Pale hakuna njia panda nyingine ya kumpokea, basi anatoka kitambaani na hadubini haimwoni tena. Yule mwenzake hubaki. Hawezi kufutika, maana wa kufutika naye hayupo. Anaweza kutangatanga, lakini hakuna tena upande unaomvuta zaidi ya mwingine.

Wiki iliyopita mkuu wa maabara alinitumia picha. Walikimalizia kibamba changu nikiwa sipo, wakakipoza taratibu kama nilivyowaelekeza. Kimetulia, mpwa wangu. Hakina mshono. Kuume, kushoto, kuume, kushoto, kutoka kona hadi kona, kitu ambacho nilikitafuta umri wangu wote. Wamepiga mstari chini ya picha na kuniandikia hongera. Nilikitazama kwa kioo cha kukuzia. Karibu na katikati kuna njia panda moja yenye kichwa cha ziada, inaonekana kama kitone cheupe. Nyuma yake unakwenda mstari mwembamba hadi pindoni, na pindoni hakuna mtu.

Wao watasema ni dosari ndogo. Nami ningesema hivyo hivyo kwa kibamba cha mtu mwingine.

Koti limefika. Nililivaa juu ya shati nikasimama mbele ya kioo cha bafuni. Mkono wa kulia ni mrefu kidogo kuliko wa kushoto, kama alivyosema. Mgongo umekaa vizuri. Ila mabega yananing'inia nje ya mabega yangu, na kifuani ningeweza kumficha mtu wa pili. Mwanzoni nikadhani macho yalimpoteza, akakata vibaya. Nikapima kwa utepe. Hakukosea hata kidogo. Lile ni koti la yule kijana aliyeruka dirishani, inchi kwa inchi.

Kitambaa kilirudi mara moja, kabla hajakikata, na hakitarudi tena. Ni mimi niliyerudi, mpwa wangu, huku huku, kidogo kidogo, nikinyeshewa, na hakuna aliyekuwa karibu kuniambia. Angenipapasa mgongo angejua papo hapo. Angesema, "Dira, umerudi hivi lini?" na wewe ungeuliza kama uandike umepungua, na mngegombana.

Nyuzi nyeupe sijazitoa. Nimelitundika nyuma ya mlango.

Najua ungenifungulia. Najua wewe ni mtu, na barua zako, zile za kwenye mabano, ndizo zilizokuwa zinaniambia ukweli siku zote. Endelea kuniandikia ukitaka, nitajibu nikiweza. Lakini usikae ukitazama barabara. Kile chumba mpe mwenye haja nacho, na kama ana cherehani, aiweke dirishani, pana mwanga.

Sitarudi.

Mjomba wako,
Dira